Mbolea kwenye mchaichai na mrehani: jiulize kwanza unauza majani au unauza mafuta

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaotaka kuingia kwenye mimea ya dawa na harufu, mchaichai, mrehani, nanaa, kivumbasi, rozmari na wenzake, ni hili: niweke mbolea gani? Na mimi huwa nawarudishia swali, unauza nini? Maana mtu anayeuza majani makavu ya chai, mtu anayekamua mafuta, na mtu mwenye mkataba wa kilimo hai, hawa watatu wanaweza kuwa na mashamba yanayofanana kabisa ukiyaangalia kutoka barabarani, ila mbolea ya mmoja ikamharibia mwenzake. Ukienda duka la pembejeo utapewa jibu la mahindi, DAP ya kupandia, Urea ya kukuzia, karibu tena. Wala siwalaumu, wateja wao wengi ni wa mahindi.

Mi niko Muheza, Tanga. Zao letu kubwa ni mchaichai, mrehani na nanaa tunalima kidogo kidogo, na kwenye kikundi tuna kimtambo cha mvuke cha kukamulia mafuta. Kwahiyo ninachoandika hapa ni cha mtu ambaye akimaliza kuweka mbolea shambani anakuja kuiona majibu yake kwenye chupa, na hapo ndo utajua kuwa shamba kupendeza ni kitu kimoja na mafuta kutoka ni kitu kingine.

Tuanze na mafuta yenyewe yanakaa wapi, kwasababu bila hilo mbolea utakuwa unabahatisha tu. Kwenye mrehani, nanaa, kivumbasi na rozmari mafuta yako kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, ukichukua lenzi (hata ile ya kubandika kwenye kamera ya simu) ukageuza jani la mrehani upande wa chini unaviona, vinang'aa kama vitone. Ndo maana ukipitisha mkono tu kwenye mrehani unanukia, umeshavipasua vile vifuko. Mchaichai siyo hivyo, yake iko ndani ya jani, kwenye chembe maalum, mpaka ulivunje au ulisage ndo harufu inatoka vizuri. Karafuu na mkaratusi nazo zinaficha ndani.

Sasa kitu cha pili, na hiki wengi hawakijui. Sitrali, ambayo ndo roho ya mafuta ya mchaichai, imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni basi. Hamna naitrojeni humo. Mentholi ya peperminti hivyo hivyo, linaloli ya mrehani hivyo hivyo, yujinoli ya karafuu na ya baadhi ya vivumbasi hivyo hivyo. Mmea unayatengeneza haya mafuta kutokana na sukari ambayo jani limepika kwa jua. Kwahiyo ukimwaga Urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, humwagi mafuta, unamwaga kitu cha kujengea jani: ukijani, vimeng'enya, machipukizi mapya. Jani likiwa jembamba na la njano kwa njaa halipiki sukari ya kutosha na mafuta utapata kiduchu, hapo naitrojeni inasaidia kweli kweli. Ila ukizidisha, na maji yapo ya kutosha, mmea unakimbilia kukua, ile sukari inaishia kwenye kurefusha majani na majani yenyewe yanajaa maji. Mafuta kwa kila kilo ya majani yanapungua.

Hapo kuna namba mbili zinavutana, kilo za majani na asilimia ya mafuta, na mkulima wa mafuta anakula jibu la kuzidisha hizo mbili. Mchaichai mbichi kwa kawaida unatoa kati ya 0.2% na 0.5% ya mafuta. Tuseme shamba A limelishwa kwa kiasi, limetoa kilo 4,000 za majani zenye 0.4%, hayo ni mafuta kilo 16. Shamba B limepigwa Urea ya nguvu likatoa kilo 6,000 zenye 0.3%, mafuta kilo 18. Mwenye B atasema nimeshinda, kilo 2 zaidi! Haya, hebu fikiria hizo kilo 2,000 za majani za ziada, zimekatwa na vibarua, zimebebwa, zimeshindiliwa kwenye mtambo pipa kwa pipa, zimechomewa kuni au umelipia gesi, na maji ya kupoozea yamechotwa, na mbolea yenyewe ilinunuliwa. Kwenye mtambo mdogo gharama kubwa ni kuni na muda, na kuni hazijui kama pipa lina jani lenye mafuta au jani lenye maji, zinaungua vile vile. Kwahiyo mi kwenye hesabu zangu A ndo ameshinda, labda kama kuni unapata bure na ndugu zako wanakukatia majani kwa soda.

Kwa anayeuza majani hesabu inageuka. Ukiuza mchaichai mbichi sokoni kwa fungu, au nanaa za hotelini, unataka jani kubwa, laini, la kijani, na naitrojeni ni rafiki yako, we weka tu kwa busara. Anayeuza majani makavu yuko katikati na yeye ndo anaumia kimya kimya, kwasababu jani lililonenepa kwa Urea lina maji mengi, linachelewa kukauka, na mrehani ukichelewa kukauka unakuwa mweusi. Kuna dada mmoja kwenye kikundi chetu alipata Urea ya ruzuku iliyobaki kwenye mahindi akaona asiitupe, akaimalizia kwenye mrehani wake. Jamani ulipendeza! Majani mapana yanang'aa, kila aliyepita alisimama. Ikaja mvua, shina likaanguka kwa uzito, vidukari vikajaa kwenye ncha, na ule uliookolewa ukaanikwa chini ya banda siku zikapita bado ukiukunja unakunjika badala ya kuvunjika, ukatoka na rangi ya majani ya chai iliyokwisha pikwa. Mnunuzi alichukua kiganja akanusa akarudisha kwenye gunia, hakusema hata bei.

Kiasi sasa. Kwenye mchaichai ushauri unaotumika sana India, ambako wanalima kwa ajili ya mafuta muda mrefu, unazunguka kwenye kilo 100 hivi za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, ukigawanya. Tuibadilishe iwe lugha yetu: hekta ni karibu ekari mbili na nusu, kwahiyo ekari moja ni kilo 40 za naitrojeni. Urea ina 46%, mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwahiyo ekari inataka mfuko mmoja na kilo kama 37 za mfuko wa pili, kwa mwaka mzima. Ukikata mara nne kwa mwaka unaweka kilo 22 kila baada ya kukata. Ukipanda sentimita 60 kwa 60 ekari ina mashina kama 11,000, maana yake kila shina linapata gramu 2 tu. Kizibo cha soda kikijaa kina kama gramu 5, kwahiyo hujafikisha hata nusu kizibo kwa shina. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanaona ni uchoyo, wamezoea kuweka konzi. Na hicho ni kiwango cha shamba ambalo halina samadi kabisa, ukishaweka samadi nzuri punguza tena, mimi nikiwa na samadi ya kutosha sigusi Urea nusu ya mwaka.

Muda wa kuweka ni muhimu kuliko hata aina. Mchaichai unakatwa mara ya kwanza miezi 4 mpaka 6 baada ya kupanda, halafu kila miezi 2 au 3 kutegemea mvua, na unaacha kisiki cha sentimita 10 mpaka 15. Mbolea ya kukuzia iende wiki ile ile baada ya kukata, udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe kidogo, maana Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kwenye jua hili la Tanga inageuka amonia inapaa, utaisikia hata puani. Hapo mmea unachipua, unaitumia, na ukifika kukata tena naitrojeni imeshapungua kwenye udongo, jani limekomaa, mafuta yamejaa. Kinyume chake ni mtu anayeweka Urea wiki mbili kabla ya kukata ili "majani yaongezeke". Yataongezeka ndio, maji. Na hizi busta za kupuliza kwenye majani ndo kabisa, karibu na kuvuna usiziguse, siyo suala la mafuta tu, mteja wako anakwenda kuyachemsha hayo majani anywe.

Fosforasi na potasiamu hazina makelele lakini zinafanya kazi. Fosforasi ni ya mizizi mwanzoni, na pia nishati ya kutengenezea hayo mafuta ndani ya mmea inabebwa na fosforasi, kwahiyo udongo wenye njaa ya fosforasi hata ukiupa Urea unazunguka pale pale. Huku kwenye udongo mwekundu wenye asidi, unga wa mwamba wa Minjingu kutoka Manyara unafanya kazi vizuri kwasababu asidi inauyeyusha taratibu. Ukiwa pwani kabisa kwenye udongo wa matumbawe, kama zile sehemu za uwanda kule Unguja, huo unga utakaa tu chini kama mchanga, haufai. Na huko matumbawe utaona mrehani unakuwa na majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, mtu anadhani ni njaa ya Urea anaongeza, kumbe ni chuma hakipatikani kwa sababu ya chokaa. Huko bora SA (salfeti ya amonia), inaongeza asidi kidogo kidogo na ina salfa. Huku kwetu kwenye asidi SA kila msimu itakumaliza. Ndo maana nasisitiza upime udongo, na sisi watu wa Tanga tuna bahati, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kiko hapa hapa na kazi yao ni udongo, Morogoro kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, hamna sababu ya kubahatisha kwa zao litakalokaa ardhini miaka minne mitano.

Potasiamu ndo mchaichai unaibeba kwa wingi kila unapokata, na hapa wakulima wa mafuta tuna faida ambayo wauza majani hawana. Mafuta yanayotoka shambani hayana madini, ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, kila kitu ulichokitoa kwenye udongo kimebaki kwenye makapi pale mtamboni. Yarudishe! Tandaza kati ya mistari kama matandazo, au tengeneza mboji, au kama sisi wakati mwingine tunayakausha tunayachoma kwenye jiko la mtambo badala ya kuni halafu majivu ndo yanarudi shambani, naitrojeni inapotea kwenye moshi ila potasiamu inabaki kwenye jivu. Angalizo, majivu usiyachanganye na Urea, SA wala samadi mbichi kwa wakati mmoja, yanaifukuza amonia. Nimeona shamba la miaka mingi makapi yanatupwa kwenye korongo na mwenye shamba kila mwaka ananunua NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), inauma.

Samadi. Nasikia watu wanasema samadi inaongeza mafuta kuliko mbolea ya dukani, kama vile ina uchawi. Ninavyoona mimi uzuri wake ni kwamba inatoa naitrojeni polepole, inashika maji, na inaleta madini mengine kama zinki na magneziamu ambayo kwenye Urea hayapo, kwahiyo mmea hauna siku ya karamu na siku ya njaa. Ila samadi ya kuku mbichi ina naitrojeni kali, ukiweka nyingi matokeo ni yale yale ya yule dada, na mizizi inaungua juu yake. Na hii ni mimea ya kunywa, samadi mbichi ina vijidudu vya tumbo, mtu anakausha mrehani kwenye jua la kiasi tu vijidudu havifi. Ioze kwanza vizuri mpaka isinuke. Sheria za kilimo hai za Marekani zinadai samadi mbichi ifukiwe siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi, na kwa mchaichai unaokatwa kila miezi miwili mitatu hesabu hiyo haiwezekani, kwahiyo jibu ni mboji.

Na kama ndoto yako ni kuuza nje kwa bei ya kilimo hai, basi mazungumzo ya Urea yaishe leo. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha 2007, kile chenye alama ya Kilimohai, hakiruhusu mbolea za viwandani za aina hiyo, Ulaya na Marekani pia, na Marekani wanataka ardhi iwe imekaa miaka 3 bila kuguswa na kitu kilichokatazwa kabla ya mavuno ya kwanza. Kwahiyo kizibo kimoja cha leo kinakurudisha nyuma miaka. Unga mtupu wa mwamba wa fosfeti unakubalika, ila soma mfuko, zipo zilizochanganywa naitrojeni, hizo hapana.

Mimea siyo sawa, nisiwadanganye kwa mchaichai tu. Rozmari asili yake ni pwani za mawe za Mediterania, ukiinenepesha inakuwa laini inaoza mizizi, hii mboji kidogo wakati wa kupanda inatosha, na watu wa Lushoto wenye kibaridi na miteremko wanaipata nzuri kuliko sisi. Peperminti yenyewe ni mlaji, inataka naitrojeni na maji, lakini ina mambo yake, jani changa lina menthoni kwa wingi na likikomaa ndo menthoni inageuka mentholi, kwahiyo ukiichokoza kwa Urea mpaka mwisho unavuna machipukizi machanga na mafuta yanakuwa na harufu ya ukali usiotulia. Mrehani unavunwa unapoanza kutoa maua, na Urea nyingi inachelewesha maua, unabaki unasubiri huku mvua inakaribia. Mchaichai chini ya minazi yenye kivuli kizito usiulaumu kwa mbolea, hauna jua la kupikia sukari, hata uweke nini.

Kuna jambo jingine mbolea haiwezi, kubadilisha mbegu. Asilimia ya sitrali inaamuliwa zaidi na aina ya mche na umri wa jani wakati wa kukata, mbolea inasogeza kidogo tu. Wanunuzi mara nyingi wanataka sitrali 75% kwenda juu na kuna watu wamepanda sitronela wakiuziwa kama mchaichai, majani yanafanana, kikundi kizima kinahangaika kutafuta mbolea ya kuongeza sitrali kwenye mmea ambao mafuta yake ni mengine kabisa. Angalia kitako cha shina kabla hujanunua miche, sitronela kina wekundu wa zambarau, mchaichai wetu wa chai ni mweupe kuelekea kijani. Halafu ponda jani unuse, sitronela utaikumbuka ile ya mishumaa ya mbu.

Mwisho, usiniamini mimi, jaribu kwako. Tenga mistari mitatu iliyo sehemu moja ya shamba, siyo mmoja uko bondeni. Wa kwanza usiweke kitu, wa pili mboji, wa tatu mboji na Urea kidogo ile ya nusu kizibo. Kata siku moja, asubuhi umande ukishakauka, pima kilo za kila mstari uandike, kisha chukua kilo 10 kutoka kila mmoja, zinyaushe kivulini mpaka kesho yake zote sawa, na ukamue kimoja kimoja kwa muda ule ule na moto ule ule. Mchaichai mafuta yake yanaelea juu ya maji (ukikamua makonyo ya karafuu kama wanavyofanya kule Wawi Pemba yanazama chini, usije ukayamwaga ukidhani hayajatoka). Huna haja ya vifaa vya maabara, nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, vuta ile tabaka ya njano taratibu ukiacha maji chini, soma namba. Kilo 10 zenye 0.3% zinakupa mililita 33 hivi. Gawanya kwa 10, zidisha kwa kilo za mstari mzima, toa hela ya mbolea, toa kuni, andika kwenye daftari pamoja na mvua ilivyokuwa. Halafu rudia kiangazi, kwasababu mstari ulioshinda masika mara nyingi siyo ule utakaoshinda Februari, jani la kiangazi huwa dogo na lina mafuta zaidi na mahitaji yake ya mbolea yanashuka sana. Mkishapata namba zenu ziwekeni hapa chini tulinganishe, hasa nyie wa Kenya mnaolima nyanda za juu, nataka kuona zenu zinakaaje.